Mwaka Ule Aliokufa Mfalme: Mkristo Mbele ya Kifo cha Mtu Mashuhuri

Jumatano ya tarehe 14 Februari 2024, mambo matatu yalikutana katikati ya jiji la Nairobi. Ilikuwa Siku ya Wapendanao, na kando ya City Market, kwenye mtaa wa Muindi Mbingu, wauza maua walikuwa wamejaza ndoo za waridi mpaka njia ya waenda kwa miguu ikawa nyembamba. Ilikuwa pia Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki na waumini wa makanisa mengine kadhaa huanza mfungo wa Kwaresima kwa kupakwa majivu kwenye paji la uso. Tena ilikuwa siku ya tatu tangu mwanariadha Kelvin Kiptum afariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Nilikuwa kwenye foleni ya Misa ya adhuhuri katika Basilika ya Familia Takatifu, pamoja na makarani, walinzi na wanafunzi waliokuwa wameiacha saa yao ya chakula cha mchana, na mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amebana gazeti kwapani, picha ya kijana yule ikitazama nje. Padri alichovya kidole gumba kwenye majivu, akamchora msalaba, akamwambia maneno aliyokuwa akimwambia kila mtu: kumbuka kwamba u mavumbi, na mavumbini utarudi. Yule mtu aliitikia "Amina", lakini hakuondoka mara moja kama wengine. Alisimama kando ya nguzo, akalikunjua gazeti, akaitazama ile picha huku majivu yakiwa bado mabichi usoni.

Maneno ya majivu tunayasikia kila mwaka, na kusema kweli miaka mingi hupita bila kutugusa. Mwaka ule yaligusa. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Miezi minne kabla ya hapo, tarehe 8 Oktoba 2023, alikuwa ameikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, kasi ambayo hakuna mwanadamu aliyewahi kuandikishiwa katika mbio hizo, na nchi nzima ilikuwa ikisubiri siku atakayomaliza kabla ya saa mbili kutimia. Makala haya yanajaribu kueleza jambo nililoliona pale nguzoni: kwa nini kifo cha mtu ambaye hatukuwahi kumpa mkono huweza kumrudisha Mkristo kwenye mauti yake mwenyewe kwa nguvu kuliko mahubiri ya mwaka mzima, na tafakuri hiyo, ikishaanza, hupitia njia zipi na hupotelea wapi.

Tuanze na huo ukaribu wetu na watu mashuhuri, kwa sababu wako Wakristo wanaoudharau. Husema kwamba ni upuuzi kumlilia mtu ambaye hata jina lako hakulijua. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu uhusiano wa namna hii, wakieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyoweza kujihisi rafiki wa mtangazaji ambaye hawajakutana kamwe, kwa kuwa humwona kila siku, humzoea, na huzijua tabia zake. Nairobi ya leo inaishi hivyo kuanzia alfajiri. Mtu wa Kayole huamshwa na sauti ya redio kabla jirani yake hajamsalimu. Akipanda matatu, sauti ile ile humsindikiza mpaka mjini. Angela Chibalonza alifariki kwa ajali ya barabara mwaka 2007, na mpaka sasa nyimbo zake huimbwa katika harusi na matanga ya jiji hili na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa alipofariki. Sauti iliyokuombea mgonjwa wako na kukuozesha dada yako si ya mgeni, na majonzi ya kuipoteza ni majonzi ya kweli.

Hata hivyo ni majonzi ya aina ya pekee, na hapa ndipo ninapoona sababu kubwa inayoyafanya yalete tafakuri. Anapofariki mzazi au ndugu, mfiwa hana nafasi ya kutafakari. Kuna bili ya hospitali, kuna kibali cha mazishi, kuna ada ya mochari inayoongezeka kila siku, kuna kamati inayokutana jioni kuhesabu michango, kuna gari la kusafirisha mwili mpaka nyumbani na wageni watakaohitaji kula. Mimi mwenyewe nilipofiwa na baba, nilikumbuka kumlilia wiki ya tatu baada ya maziko, nilipokuta miwani yake kwenye mfuko wa koti. Kifo cha mtu mashuhuri hakitudai chochote kati ya hayo. Hatuoshi mwili, hatukeshi, hatudaiwi. Mauti huja mbele yetu bila kazi zake, na kwa kuwa mikono yetu haina la kufanya, moyo hubaki peke yake na lile swali ambalo shughuli za msiba wa nyumbani hulifunika.

Sababu ya pili ni kwamba umaarufu hufanana na kinga. Hatusemi hivyo waziwazi, lakini tunaishi kana kwamba mwenye jina, fedha na madaktari bingwa ana ukuta ambao sisi hatuna. Bob Collymore, aliyeiongoza kampuni ya simu ya Safaricom tangu mwaka 2010, alikwenda Uingereza kutibiwa saratani ya damu, akarudi, akaeleza ugonjwa wake hadharani bila kuficha, na tarehe 1 Julai 2019 akafariki nyumbani kwake Nairobi akiwa na miaka 61. Kauli iliyosikika siku hizo kwenye vibanda na vituo vya matatu ilikuwa fupi: kama yeye amekwenda, sisi ni nani? Mtunga Zaburi alikuwa ameshalisema hilo katika Zaburi ya 49, kwamba hakuna mwenye mali awezaye kumkomboa ndugu yake asilione kaburi, kwa kuwa bei ya nafsi haifikiwi. Tofauti ni kwamba andiko hilo tulilijua kwa akili tu, mpaka tulipomwona mtu aliyekuwa na kila kitu akikosa siku moja zaidi.

Hata umri wa marehemu hubadilisha swali. Daniel arap Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020 akiwa na miaka 95, baada ya kuitawala nchi kwa miaka 24. Kiptum aliishi duniani miaka 24 tu, sawasawa na urefu wa utawala ule. Kifo cha kijana hutufanya tuulize kama siku yetu iko karibu kuliko tunavyodhani. Kifo cha mzee aliyekuwepo tangu utoto wetu hufanya jambo jingine: hutuonyesha muda wetu wenyewe uliokwisha kupita. Waliokua wakinywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Moi, shuleni walijikuta wiki ile wakihesabu miaka yao badala ya kuihesabu ya marehemu, na ndivyo inavyoomba Zaburi ya 90: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima."

Biblia ina mfano ulio karibu mno na hali hiyo. Nabii Isaya anaanza simulizi la wito wake kwa kutaja tanzia: "Katika mwaka ule aliokufa mfalme Uzia nalimwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi." Uzia alikuwa ametawala Yuda kwa miaka 52. Watu wengi wa Yerusalemu walikuwa hawajawahi kuwa na mfalme mwingine. Alijenga minara, akachimba visima, akaimarisha jeshi, kisha akaingia hekaluni kufukiza uvumba ambao haukuwa kazi yake, akamaliza siku zake akiwa na ukoma katika nyumba ya kutengwa. Isaya angeweza kuandika tenzi ya maombolezo, au angeweza kueleza jinsi kiburi kilivyomwangusha mfalme. Hapo hakufanya lolote kati ya hayo. Kiti kilipobaki kitupu aliona kiti kingine ambacho hakikuwa kitupu, na neno la kwanza lililomtoka kinywani lilimhusu yeye mwenyewe: "Ole wangu! Kwa maana nimepotea. Kwa sababu mimi ni mtu mwenye midomo michafu."

Andiko hili wahubiri hulikimbilia kila anapofariki mkubwa, na nimelisikia likitumiwa vibaya. Wako wanaofundisha kwamba kila mtu ana Uzia wake ambaye sharti afe ili baraka zake zifunguke, na waumini huitikia kwa shangwe. Hilo halimo katika andiko. Isaya hafurahii kifo cha mtu yeyote, wala hapandi cheo kwa sababu ya kifo hicho, anaungama uchafu wake. Anayefunguliwa macho na msiba huanza kuiona midomo yake mwenyewe.

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuuruka, nao ni ule wa marehemu aliyeumiza watu. Mila zetu zinakataza kumsema vibaya aliyekufa, na Daudi anaonekana kukubaliana nazo: Sauli, aliyemwinda milimani kama kware, alipokufa, Daudi alimlilia bila kutaja hata kosa moja, na Abneri, jemadari wa Sauli, alipouawa alitembea nyuma ya jeneza, akafunga, akawaambia watumishi wake, "Hamjui ya kuwa mkuu, mtu mkubwa, ameanguka leo katika Israeli?" Lakini vitabu vile vile vinavyosimulia machozi ya Daudi vinasimulia pia dhambi za Sauli, na baadaye za Daudi mwenyewe, bila kuzifunika. Moi alipolazwa katika majengo ya Bunge mwaka 2020 ili wananchi wamuage, walikuwepo mjini Nairobi watu waliowahi kuteswa chini ya utawala wake katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Kuwaambia hao wanyamaze kwa heshima ya msiba ni kuwataka wabebe gharama ya adabu yetu. Nadhani Mkristo anaweza kuomba rehema kwa marehemu na papo hapo akakubali kwamba ushahidi wa aliyeumizwa haufutwi na mazishi ya kitaifa. Anayeamini hukumu ya haki hahitaji kuipaka chokaa historia ya mtu.

Sasa tufike kwenye swali linalosumbua wengi: yuko wapi sasa? Hapa makanisa yetu hayasemi kauli moja, ingawa sentensi za rambirambi hutufanya tuonekane tumekubaliana. Wakatoliki huamini kwamba roho inayohitaji kutakaswa husaidiwa na sala za walio hai, ndiyo maana wana Misa za wafu na mwezi mzima wa Novemba wa kuwaombea marehemu. Waanglikana na Wapresbiteri wengi humkabidhi marehemu mikononi mwa Mungu kwa tumaini la ufufuo, bila kuomba kwamba hali yake ibadilishwe. Waadventista wa Sabato hufundisha kwamba wafu wamelala wala hawajui neno lolote mpaka Kristo atakaporudi, kwa hiyo kwao usemi kwamba marehemu "anatutazama kutoka juu" hauna mahali. Wapentekoste huuliza kwanza kama mtu alikuwa ameokoka. Katikati ya mafundisho hayo yote tumeweka maneno ya pamoja, "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi", maneno mazuri ambayo Mkristo na Mwislamu wa jiji hili huyatumia sawasawa, na ambayo yanatuwezesha kuomboleza na jirani bila kubishana naye. Sioni kosa ndani yake. Linalonisumbua ni lile jingine, kwamba Mungu alimchukua msanii fulani kwa sababu mbinguni kulihitajika mwimbaji. Hakuna kanisa linalofundisha hivyo, na mama aliyefiwa na mwanawe hastahili kuambiwa kwamba Mungu alimpokonya mtoto ili kujaza nafasi kwenye kwaya.

Tena swali hilo likishaulizwa juu ya mtu mashuhuri hugeuka haraka kuwa hukumu. Watu wasiothubutu kusema jehanamu mbele ya jeneza la mjomba wao huandika neno hilo bila kusita chini ya picha ya mwanamuziki aliyefariki usiku uliopita, huku watoto wake wakisoma. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliingia paradiso kwa sentensi moja aliyoitamka akiwa amebakiza saa chache, na huenda majirani zake hawakuisikia. Kwa waliojiua, ambao vifo vyao hutangazwa kwa pupa zaidi kuliko vingine, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema wazi kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao wa milele, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua yeye mwenyewe za kuwapa nafasi ya toba. Mtu anayepigana na giza kimyakimya huenda anasoma yale tunayoyaandika juu ya marehemu huyo, na maneno yetu yatamfikia yeye ambaye bado anaweza kusaidiwa.

Injili ya Luka, sura ya 13, ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jambo zima. Watu walimletea Yesu habari motomoto: Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya wakiwa katika kutoa dhabihu, damu yao ikachanganyika na damu ya wanyama wao. Walichotaka ni ufafanuzi, kama tunavyoutaka sisi. Kwa nini wao? Walifanya nini? Jijini kwetu ufafanuzi hauchelewi kupatikana. Kijana mashuhuri akifa ghafla, kabla mwili haujafika mochari utasikia kwamba ametolewa kafara, kwamba alijiunga na mafrimasoni akashindwa kulipa deni, au kwamba nabii fulani alikuwa ameliona jambo hilo tangu Januari lakini hakusikilizwa. Maelezo hayo yana faraja yake iliyojificha, kwa sababu yanatuhakikishia kwamba sisi, tusio na mikataba na giza, tuko salama. Yesu alikataa kuwapa faraja hiyo. Alijibu kwa neno moja, "Sivyo," kisha akaongeza mfano mwingine wa wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao kwao hapakuwa na Pilato wa kulaumiwa, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. "Lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

Sehemu hiyo ya mwisho mara nyingi huhubiriwa kama tishio, nami naielewa tofauti. Yesu anamwondoa marehemu kizimbani. Anasema kesi yake si yenu, haitasikilizwa hapa. Aliyebaki na nafasi ya kubadilika ni wewe uliyeleta habari. Ndiyo maana mhubiri anayesimama mbele ya jeneza la mtu maarufu na kuyatumia maisha yake kama kielelezo cha mwisho mbaya anakwenda kinyume na andiko, hata akimalizia kwa wito wa kuokoka na mikono mia moja ikainuliwa. Wito ni halali, na pengine hakuna mahali ambapo watu husikiliza vizuri kuliko makaburini. Lakini marehemu asifanywe ngazi.

Mara nyingine marehemu huhubiri vizuri kuliko wahubiri, kwa jinsi alivyoagiza azikwe. Profesa Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na kwa kuwa alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha mwili ukachomwa katika tanuru la maiti la Kariokor, Nairobi. Uchomaji wa maiti ulizua maswali mengi kanisani, na wachungaji walilazimika kueleza jambo ambalo walikuwa hawaulizwi, yaani kwamba Mungu anayeweza kuufufua mwili uliooza ardhini hashindwi na majivu. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, alizikwa siku tatu baadaye huko Alego bila jeneza, kama alivyoagiza. Papa Fransisko, ambaye wakazi wa Kangemi walimwona kwa macho yao mwezi wa Novemba 2015, alifariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, akazikwa Roma kwenye kaburi la kawaida lililoandikwa jina lake la Kilatini tu. Kanisa lake lilikuwa na desturi ya kumkumbusha Papa mpya mauti yake siku ya kutawazwa: kitani kiliwashwa mbele yake, kikateketea mara moja, naye akaambiwa kwamba ndivyo upitavyo utukufu wa dunia. Desturi hiyo ilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1963. Wahenga wa pwani yetu hawakuhitaji kitani. Washairi wa Pate na Lamu waliyatazama majumba ya matajiri yaliyogeuka viota vya popo, wakaikanya mioyo yao.

Naye Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, aliyefariki India tarehe 15 Oktoba 2025 akiwa na miaka 80, alikuwa ametaka azikwe ndani ya saa 72. Familia na serikali zilijitahidi kuutimiza wosia huo, na Jumapili ya tarehe 19 alilazwa Kango ka Jaramogi, Bondo. Nimeona wosia kama huu ukibadilisha mazungumzo ya watu wa kawaida kuliko semina yoyote ya kanisa. Mitaani mwetu kamati za mazishi zimezoea kukutana wiki mbili au tatu, deni la mochari likipanda, na familia maskini huona aibu kuzika upesi kwa jeneza la bei nafuu, kana kwamba upesi ni dharau. Wiki ile nilisikia wazee wakisema, bila haya, kwamba kama Raila aliweza kuzikwa kwa siku nne, nao waandikiwe hivyo hivyo. Kwa Mkristo, kuandika wosia ni sehemu ya kuzihesabu siku, na wengi wetu tuliochukia hata kulitaja jambo hilo tuliokolewa na mfano wa mtu mkubwa.

Lakini wiki hiyo hiyo ilituonyesha pia mahali ambapo tafakuri zetu hukoma mapema. Alhamisi ya tarehe 16 Oktoba umati ulimiminika uwanja wa Kasarani kuuaga mwili, risasi zikafyatuliwa, na watu kadhaa waliokuja kuomboleza wakauawa pale pale. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kuwakumbuka Wagalilaya wa Luka 13, waliouawa wakiwa ibadani. Majina yao machache yaliandikwa magazetini, yakasahaulika kabla ya Jumapili. Ndivyo ilivyokuwa kwa kocha Gervais Hakizimana, raia wa Rwanda aliyekufa ndani ya gari lile lile na Kiptum, na kwa wanajeshi tisa waliofariki pamoja na Jenerali Ogolla. Kila kifo cha mtu mashuhuri kina kivuli cha aina hii, na Injili inatulazimisha kukitazama, kwa maana wale 18 wa Siloamu, ambao Yesu aliwatumia kutufundisha habari za mauti, hakuna hata mmoja ambaye jina lake tumeachiwa.

Zamani redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma kwa sauti ile ile, bila haraka, jina la mwalimu wa kijiji, jina la mkulima, jina la mama wa nyumbani, na habari zilikusudiwa kuwafikia jamaa popote walipo. Utotoni tulikatazwa kucheza wakati kikiendelea. Hatukuwajua watu wale, lakini tulinyamaza kwa ajili yao, na sasa naona kwamba kilitufundisha mauti kwa usawa ambao simu zetu, zinazotuletea kifo kimoja mara elfu, haziwezi kutufundisha.

Ijumaa ya tarehe 17 Oktoba, siku ya ibada ya kitaifa katika uwanja wa Nyayo, jumuiya yetu ndogo huku Umoja ilikutana jioni kwa msiba mwingine. Fundi viatu aliyeketi karibu na kituo chetu cha matatu kwa miaka mingi alikuwa amefariki Jumanne. Tulikuwa watu tisa kwenye viti vya plastiki, na kupitia dirisha la jirani tuliweza kusikia televisheni ikirudia hotuba za mchana. Michango iliyoandikwa kwenye daftari ilikuwa haijafika nusu ya iliyohitajika. Mwenyekiti aliniomba niandike wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nami nikagundua kwamba sikuwa na la kuandika. Sote tulimwita Fundi, na hakuna aliyejua alikozaliwa wala mwaka. Mpwa wake, kijana aliyekuwa amewasili asubuhi kwa basi la usiku, alitoa kitambulisho cha marehemu kilichofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Alitusomea majina matatu, la kwanza likiwa la ubatizo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasikia. Katibu alifungua ukurasa mpya wa daftari, akamwomba ayarudie polepole, jina moja moja, ili ayaandike sawasawa.